Barua ya Wazi kwa Wabunge wa Uganda: Uraia Usikae Katika Jina la Kabila

Wandegeya, Kampala

Waheshimiwa Wabunge,

Barabara ya Bombo hutoka katikati ya Kampala, ikapanda hadi kwenye taa za Wandegeya, ikaiacha Makerere mkono wa kushoto na bonde la Katanga na kilima cha Mulago mkono wa kulia, kisha ikashika kaskazini kupitia Bwaise, Kawempe na Matugga mpaka Bombo, mwendo wa kilomita kama 35. Mji huo ni nyumbani kwa Wanubi, wajukuu na vitukuu wa askari ambao afisa Mwingereza Frederick Lugard aliwachukua mwaka 1891 huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, walikobaki na familia zao baada ya kamanda wao Emin Pasha kuondoka. Nawaandikia kutoka Wandegeya, kando ya barabara yenye jina la mji wao, juu ya jambo ambalo historia ya Wanubi inalifafanua vizuri kuliko kitabu cha sheria: Katiba ya 1995 iliwapa wachache wa nchi hii uraia kwa kuwataja majina, na mlango huohuo uliowaingiza wao ndio unaowafungia wengine nje. Ombi langu ni moja. Uraia wa kuzaliwa uondolewe kwenye jina la kabila, uwekwe kwenye kuzaliwa na kuishi.

Mnaijua Ibara ya 10 kuliko mimi, lakini wananchi wengi hawajawahi kuisoma, kwa hiyo nitaieleza. Raia wa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, alikuwa wa mojawapo ya jamii za asili zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, nazo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Mwaka 1995 orodha ilikuwa na majina 56. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakaongeza tisa, yakawa 65. Mtu anaweza kudhani kwamba siku hiyo ya 1926 ilifanyika hesabu ya makabila, au mkutano wa wazee, au walau tangazo kwa wenyeji. Halikufanyika lolote kati ya hayo. Ni siku ambayo serikali ya Uingereza iliukata Mkoa wa Rudolf, nchi ya Waturkana, kutoka Uganda ikaukabidhi Kenya, na ramani ikabaki tunavyoiona leo. Miaka 24 kabla yake, mwaka 1902, Uingereza hiyohiyo ilikuwa imekata eneo lote la mashariki, kuanzia kandokando ya Ziwa Viktoria hadi Naivasha, likahamia Kenya pamoja na Waluhya na Wajaluo waliokuwemo. Hakuna familia iliyohama. Kilichohama ni mstari. Sisi tumeuchukua mstari huo wa makarani wa kikoloni tukaufanya kipimo cha nani ni mwenzetu, na mwaka 2026 unapotimiza miaka 100 bado tunawauliza vijana waliozaliwa jana babu zao walisimama upande gani wake.

Tuanze na mema ya orodha, maana yapo na si haki kuyapita. Kabla ya 1995 Mnubi aliishi Uganda kama mwenyeji akiitwa mgeni. Waingereza walimwita Msudani. Walimtumia kuiteka nchi, na alipoasi mwaka 1897, amechoshwa na mshahara duni na safari za vita zisizo na mwisho, walimpiga vita hadi uasi ukazimwa. Waliobaki waaminifu wakaingia katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902. Wanubi wakakaa kandokando ya kambi, wakazungumza Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha jeshini, wakasuka vikapu na mikeka, wakajenga misikiti, wakazika wazee wao. Katiba ya uhuru ya 1962 haikuwa na orodha yoyote ya makabila. Ilitazama alipozaliwa mtu na alipozaliwa mzazi wake, na kwa kipimo hicho Wanubi wengi walipita. Lakini haki isiyotajwa kwa jina ilikuwa rahisi kusahauliwa. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, askari na maofisa wengi wa Kinubi walipanda vyeo, na alipoanguka Aprili 1979 jamii nzima ikatwishwa dhambi za utawala wake. Wapo Wanubi waliotenda maovu chini ya Amin, na hilo halifichiki. Hata hivyo, mtoto mchanga wa Bombo hakuwa na meza katika State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, na mama yake msuka mikeka hakumkamata mtu. Wote wawili walikimbia pamoja na wenye hatia, wengine Sudan, wengine Zaire, wengine Kenya, na nyuma yao mali ikaporwa. Walipoanza kurudi baada ya 1986 walirudi katika nchi ambayo watu wengi ndani yake waliamini kwamba wamerudi ugenini.

Ndipo Katiba ya Oktoba 1995 ikaliandika neno Nubi kati ya majina ya jamii za asili za Uganda. Uzito wa neno hilo moja unaonekana vizuri zaidi ukivuka mpaka, kwa sababu historia imetupa jambo la nadra: watu walewale, kutoka jeshi lilelile, waliogawanywa na dola mbili zenye sheria tofauti. Askari wenzao waliopewa makao Kibera, Nairobi, walikuta ardhi ya kambi yao ikipimwa ekari 4,197 na kutangazwa katika gazeti la serikali mwaka 1918. Wao hawakutajwa na katiba yoyote. Kijana wa Kinubi wa Kibera alipotimiza miaka 18 hakwenda kuchukua kitambulisho kama jirani yake Mkikuyu au Mjaluo. Alipelekwa mbele ya kamati ya uhakiki, akadaiwa hati za babu yake, akasubiri. Suala hilo lilifika hadi kwenye Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo Machi 2011 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikatoa uamuzi dhidi ya Kenya katika kesi ya jamii hiyo. Hati ya ardhi ya Kibera ilitolewa mwaka 2017, kwa ekari 288. Wanubi wa Bombo hawakuhitaji kwenda mahakama yoyote ya Afrika kuthibitisha kwamba watoto wao ni Waganda. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Anayesema kwamba maandishi ya Katiba hayabadilishi maisha ya mtu wa kawaida, na aende Kibera akaulize.

Naweza kuongeza mifano. Waik wa milima ya Kaabong, watu wachache kabisa waliosumbuliwa kwa miaka mingi na wizi wa ng'ombe wa majirani pande zote, walikuwemo kwenye orodha, na mwaka 2016 walimpeleka Bungeni mbunge wa jimbo lao wenyewe, Hillary Lokwang. Warundi waliingizwa kwenye orodha mwaka 2005. Wanyarwanda walitajwa mwaka 1995, na kutajwa kwao kulikuwa jibu kwa jeraha la karibu sana: Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, viongozi wa chama tawala na vijana wao waliwafukuza makumi ya maelfu ya watu majumbani mwao kwa kuwa walionekana ni Wanyarwanda, na wengi kati ya waliofukuzwa walikuwa raia wa Uganda. Waliokuwa na hati waliporwa sawa na wasiokuwa nazo. Miaka kumi kabla yake, Agosti 1972, Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke; miongoni mwao walikuwemo Waganda kwa sheria, ambao walipofika kuhakikiwa hati zao zilikataliwa na maofisa. Wajumbe wa Bunge la Katiba la 1994 na 1995 walizijua habari hizi. Walitaka neno ambalo ofisa wa wilaya hawezi kulifuta, na wakaamini kwamba neno hilo ni jina la kabila.

Hapo ndipo naachana nao. Angalieni kilichowapata Wanyarwanda baada ya kutajwa. Wako katika Jedwali la Tatu, wazi kabisa, na bado kwa miaka mingi wamelalamika kwamba wanapoomba pasipoti au ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, wanahojiwa kuliko wengine, wanaambiwa warudi na ushahidi zaidi, wanatuhumiwa kuwa ni watu wa nchi jirani. Wengine wamejiandikisha kuwa Wanyankore au Wafumbira ili wapite. Wengine wameanzisha harakati ya kutaka jamii yao iitwe Abavandimwe, kwa hoja kwamba jina lenye neno Rwanda ndani yake linawafanya waonekane raia wa dola nyingine. Fikirini maana yake, Waheshimiwa. Watu waliotajwa na Katiba wanaomba kubadili jina ili Katiba iwafae. Kosa haliko katika jina walilopewa. Likiwa kabila ndilo kipimo cha uraia, basi mwenye kupima ni ofisa aliyekaa dirishani, naye hana mizani nyingine ila sikio lake na macho yake: lafudhi, pua, urefu, jina la ukoo, dini. Kule chini ya taa za Wandegeya kuna Maabara ya Serikali inayoweza kuonyesha kwa damu kama mtu ni baba wa mtoto au siye. Hakuna chombo ndani ya maabara ile kinachoweza kumwonyesha Mfumbira tofauti na Mnyarwanda, wala Mnubi tofauti na Mkakwa. Kazi isiyowezekana kwa maabara tumempa karani na wajumbe wa kamati za parishi, kisha tunashangaa kwamba wanakosea, na kwamba wanaoumia kwa makosa yao ni walewale kila mara.

Na ukikosa kitambulisho Uganda ya leo, umekosa mambo mengi kwa pamoja. Tangu usajili mkubwa wa 2014 na Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015, namba ya utambulisho, ile inayoanza na herufi C ya raia, ndiyo inayofungua laini ya simu, akaunti ya benki, fedha za wazee za kila mwezi na pasipoti. Zamani mtu asiyetambulika kisheria aliweza kuishi maisha yake kijijini, akalima na kuoa bila serikali kujua. Siku hizi hata fedha ya simu hapokei. Kwa hiyo swali la kabila, ambalo mwaka 1995 lilikuwa la heshima na kumbukumbu, limegeuka kuwa swali la chakula.

Sasa wale ambao hawamo kabisa. Wamaragoli wa Kigumba na sehemu nyingine za Kiryandongo na Masindi wamelima ardhi ya Bunyoro tangu wakati wa ukoloni, na wana wajukuu waliozaliwa hapo. Katika orodha wamo Wabukusu, ndugu zao wa Kiluhya. Wamaragoli hawamo, na kwa sababu hiyo wamekataliwa vitambulisho. Nchi ya asili ya wote wawili ilikuwa ndani ya Uganda hadi 1902. Kama kuna kanuni inayomfanya Mbukusu awe wa asili na Mmaragoli awe mgeni, Jedwali halikuiandika. Wanubi walikuwa na miaka 35 tu nchini ilipofika 1926, na wakakubaliwa, nami nashukuru. Waasia nao walikuwepo: Alidina Visram alikuwa na maduka Kampala kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924. Hawamo. Ina maana kwamba hata tarehe yenyewe siyo kipimo. Wapo waliokuwepo siku hiyo wakaachwa nje, na wengine wameingizwa kwa uamuzi wa kisiasa, uamuzi ambao Bunge liliufanya 1995 na likaufanya tena 2005.

Mtaniambia kwamba aliyeachwa nje ana njia nyingine, Ibara ya 12, ya kusajiliwa kuwa raia. Naomba isomwe polepole. Inamruhusu mtu aliyezaliwa Uganda kusajiliwa ikiwa wazazi wake na babu na bibi zake hawakuwa wanadiplomasia wala wakimbizi, na ikiwa yeye mwenyewe ameishi Uganda mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962. Mtu aliyezaliwa Kigumba tarehe 10 Oktoba 1962 amechelewa siku moja, na watoto wake wamechelewa maisha yao yote. Mlango huo uliwafaa watu ambao sasa ni wazee, na kila mwaka makaburi yanaufunga kidogo zaidi. Kijana wa Kimaragoli mwenye miaka 25, asiyejua nchi nyingine, anabaki na njia ya mgeni: aombe kama mhamiaji, aseme alihamia lini. Hakuhamia popote. Afadhali kidogo kwa yule ambaye mama yake ni Mnyoro, kwani damu ya mama inampitisha. Hivyo katika boma moja watoto wanaweza kuwa raia wa kuzaliwa huku baba yao hana nchi, na binamu zao wa boma la pili, waliozaliwa na mama Mmaragoli, hawana nchi pia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hawa wameshika jembe kwa miaka zaidi ya 60, na sisi bado tunahesabu siku ya pili.

Hatari ya kufunga uraia na kabila pamoja na tarehe tumeiona kwa majirani zetu wa Kongo. Katiba yao ya 1964 ilitumia tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya 1972 ikawapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikairudisha nyuma tarehe hadi 1 Agosti 1885, na kwa kalamu hiyo familia nyingi zilizokuwa za Kikongo jioni zikaamka zikiwa za kigeni. Sheria ya 2004 ikaisogeza mbele hadi uhuru wa 1960. Kila tarehe iliposogezwa, kuna watu waliosogezwa nayo, na Wanyamulenge na jirani zao wameyalipa mabadiliko hayo kwa vita ambavyo havijaisha mpaka leo. Sisemi kwamba vita vya mashariki mwa Kongo vilizaliwa na sheria ya uraia peke yake. Kuna ardhi, madini, majeshi ya nchi jirani, yakiwemo ya kwetu. Nasema kwamba dola iliyojizoesha kuamua kwa kabila nani ni raia ilikuwa imekwisha kuandaa maneno ambayo wenye bunduki waliyatumia.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na ya kwanza ni ya wakimbizi. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,500,000. Tukifungua uraia kwa kuzaliwa, je, makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Bidibidi hayatageuka majimbo ya uchaguzi kesho? Wasiwasi huo ni wa kweli na mtu asiudharau. Lakini ninachoomba hakisemi kwamba kila anayezaliwa juu ya udongo huu ni raia papo hapo. Ninasema mtoto aliyezaliwa Uganda awe raia ikiwa mzazi wake naye alizaliwa Uganda, au ikiwa mzazi ameishi hapa kihalali kwa miaka ambayo Bunge litaiweka, au ikiwa mtoto bila hivyo hatakuwa na nchi yoyote. Mkimbizi aliyevuka mpaka mwaka jana anabaki chini ya Sheria ya Wakimbizi. Mjukuu wake atakayezaliwa na mzazi aliyezaliwa hapa, huyo ni mtu wetu, na kumwita mkimbizi ni kumrithisha mtoto safari ambayo hakuisafiri. Tanzania iliamua kuwapa uraia Warundi kama 162,000 wa makazi ya tangu 1972, na sheria yake ya uraia haina orodha ya makabila. Serikali yake haikuanguka kwa hilo.

Ya pili ni ardhi. Watu wa Bunyoro, wenye historia ndefu ya kunyang'anywa, wanaogopa kwamba kumtambua jirani ni kumkabidhi shamba. Nawaelewa, na nasema hofu hiyo inaelekezwa pasipo mahali pake. Uraia haumpi Mteso ardhi Ankole, wala Mnyankore ardhi Acholi. Ardhi inafuata mila, mailo, hati na ununuzi, na migogoro yake ina mahakama zake. Kinyume chake ndicho kibaya: Ibara ya 237 inasema ardhi ni ya raia, na asiye raia anaweza kupata tu haki ya kukodi. Mtu aliyenunua ekari tatu kwa jasho lake, akikataliwa uraia, ndiye anayepoteza shamba. Na kuwemo kwenye orodha hakumlindi mtu na kukosa ardhi. Watwa wamo kwenye Jedwali tangu mwanzo, na mwaka 1991 walikuwa wamekwisha kutolewa misituni Bwindi na Mgahinga. Walihitaji kwenda Mahakama ya Katiba, ambayo Agosti 2021 ilikubali kwamba walionewa. Jina lao lilikuwa kwenye Katiba huku hawana hata pa kujenga kibanda.

Wengine, wenye nia njema, watasema: ongezeni Wamaragoli kwenye orodha, mambo yaishe. Kwa wale wanaokosa kitambulisho leo, naunga mkono, hata kesho asubuhi. Kenya imekwenda njia hiyo: Wamakonde mwaka 2017, kisha watu wenye asili ya India mwaka huohuo, Washona mwaka 2020, Wapemba mwaka 2023, kila kundi likingoja zamu yake, likitembea kwa miguu hadi Nairobi kama walivyofanya Wamakonde wa Kwale mwaka 2016, likisubiri huruma ya rais. Dawa ya namna hiyo humfikia mwenye wingi wa kutosha na sauti ya kutosha. Familia 20 haziwezi kuandamana. Mtoto wa baba Mgoa na mama aliyelelewa bila kumjua mzazi wake hana kabila la kupeleka Bungeni.

Pingamizi ninayoiona nzito kuliko zote haitoki serikalini. Inatoka kwa wachache wenyewe. Mzee wa Kinubi ana haki ya kuuliza: tulingoja zaidi ya miaka 100 tutajwe, sasa mnataka kufuta orodha tulimotajwa? Je, jina likitoka, walioiba nyumba zetu 1979 hawatarudi na hoja zao? Jibu langu ni kwamba Jedwali lisifutwe. Libaki kama lilivyo, kumbukumbu ya jamii za Uganda, msingi wa haki za utamaduni ambazo Ibara ya 37 inazilinda, msingi wa lugha shuleni, wa makumbusho, wa hatua maalumu kwa Watwa na Waik. Na ulinzi wa Ibara ya 9, kwamba aliyekuwa raia anabaki raia, uandikwe upya kwa maneno mazito zaidi. Kinachohama ni kazi moja tu ya orodha, ile ya kuwa lango la uraia. Mnubi wa Bombo hatapoteza kitu. Atakuwa raia kwa sababu yeye na mama yake walizaliwa Uganda, sababu ambayo hakuna ofisa anayeweza kuitilia shaka kwa kumtazama usoni. Tena atakuwa na usalama mkubwa kuliko leo, kwa kuwa jina linaloweza kuongezwa na thuluthi mbili ya Bunge laweza pia kuondolewa na thuluthi mbili ya Bunge lingine, siku za chuki.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Lugha hii ilikataliwa na Buganda miaka ya 1920, ikahusishwa na kambi za jeshi, na wengi waliichukia kwa sababu ya askari walioitumia kuwaibia na kuwapiga. Wanubi walikuwa miongoni mwa wachache waliokihesabu kuwa lugha ya nyumbani na ya msikitini. Marekebisho ya 2005 yaliyoongeza jamii tisa ndiyo yaleyale yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Bunge liliweza wakati ule kuitazama lugha iliyoitwa ya wageni, likaona kwamba watu wanaizungumza hapa, likaiandika bila kuiuliza ilikuwa wapi mwaka 1926.

Ninayoyaomba, basi, ni haya. Ibara ya 10 iandikwe upya, uraia wa kuzaliwa utegemee kuzaliwa Uganda kwa mzazi aliyezaliwa au aliyeishi Uganda. Tarehe ya 9 Oktoba 1962 iondolewe katika Ibara ya 12, na watu waliokwama kwa sababu yake wasajiliwe bila ada. Sharti la kwamba mkimbizi wa kizazi cha babu humfungia mjukuu lifutwe. Kabla hata ya hayo, na kwa hili hamhitaji kubadili Katiba, iagizeni mamlaka ya usajili iwakubali waliokwisha kutajwa kwa ushahidi uleule unaotosha kwa Muganda au Mwacholi, na swali la kabila kwenye fomu liwe la hiari. Ibara ya 10 na ya 12 hazimo kati ya zile ambazo Katiba inazidai kura ya maoni ya wananchi wote, wala idhini ya mabaraza ya wilaya. Zinadai kura za thuluthi mbili ya Wabunge wote, katika kusomwa mara ya pili na mara ya tatu. Kura hizo mnazo ninyi.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Wandegeya